Kripto ya matapeli inakuja na shemeji

Mimi ni wakala wa fedha za simu hapa Nyasho, Musoma mjini. Kutwa nzima naweka na kutoa: ada za shule, nauli, mafuta ya injini za boti, marejesho ya mikopo. Wakala aliyekaa dirishani miaka mingi anaujua mji kwa miamala yake. Soko la pamba likifunguliwa mwezi Mei, watu wa Bunda wanakuja kutoa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ya dagaa inalala ufukweni na dirisha langu linapoa. Siku hizi umeongezeka msimu mwingine ambao haufuati mwezi wala mvua. Wenyewe wanauita "fursa".

Nautambua mapema. Watu wasiofahamiana wanakuja mfululizo, kila mmoja anataka nimwekee fedha kwenye namba ileile. Nikiuliza ni ya nani, najibiwa kwa kujiamini: ya kampuni. Ujumbe wa muamala ukirudi kwenye simu yangu unaleta jina la mtu binafsi, jina la kawaida kabisa kama la jirani yeyote. Yaani kampuni inayodai kuwa na ofisi London au Dubai, yenye mitambo inayonunua na kuuza sarafu za mtandaoni usiku na mchana, inapokea mtaji wake kwenye laini ya simu ya kijana mmoja. Kwa mtu mwenye shaka, hilo peke yake lingetosha kumrudisha nyumbani na hela yake. Lakini hawa hawaji na shaka. Shaka waliiacha sebuleni kwa ndugu.

Tukiusema utapeli huu, redioni na hata vijiweni, tunapenda kusema watu wamelizwa kwa sababu hawajui teknolojia. Sikubaliani. Waliolizwa ninaowafahamu ni walimu, manesi, makarani, na vijana wanaoijua simu kuliko mimi. Hakuna aliyeingia kwa kuielewa sarafu, na hakuna aliyeingia kwa kutoielewa. Waliingia kwa sababu walimwamini aliyewaletea. Kwa hiyo semina za kompyuta hazitatuponya. Tutapona siku tutakapojifunza kumhoji ndugu, na ndugu akakubali kuhojiwa.

Kuna mzee mmoja wa upande wa Butiama alikuja dirishani akitoka kuuza mtamba mnadani. Noti alikuwa amezifunga kwenye leso, na namba ya simu imeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti ya mnada.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee laki sita kwenye namba hii."

"Ni ya nani, baba?"

"Ya kampuni. Kanipa mkwe wangu. Ni hela za kwenye mtandao, ukiweka zinazaa."

"Zinazaa kwa kufanya kazi gani?"

Akanitazama kama niliyetukana ukoo wake. "Mkwe wangu ametoa faida mara mbili kwa macho yangu. Sasa wewe unataka kuniambia mkwe wangu ni mwizi?"

Swali hilo ndilo silaha kubwa ya matapeli, na wao hawahitaji hata kuwepo linapoulizwa. Mkwe hakuwa mwizi. Kweli alikuwa ametoa faida mara mbili, na kweli alitaka baba mkwe naye anufaike. Mimi kumuuliza mzee kuhusu kampuni kukageuka kuwa tuhuma dhidi ya mume wa binti yake. Mtu mwenye heshima zake atafanya nini hapo? Ataweka hela ili kulinda undugu.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea: wanadhani kulipwa ni ushahidi. Wanaingia kwa kujaribu, wanaweka elfu hamsini, wanatoa elfu sitini, basi wanarudi na laki sita. Kumbe ile elfu kumi ya ziada ni hela ya mtu aliyeingia jana, na ndiyo chambo. Upatu wa kila aina hulipa mwanzoni. Usipolipa hautapata wa kuusifia. Kwa hiyo swali la "wanalipa au hawalipi?" halina maana. Ulizeni wanalipa kwa hela ya nani.

Tanzania tulishalipia somo hili. Kati ya mwaka 2007 na 2009 kulikuwa na upatu ulioitwa DECI, ulioanzia Dar es Salaam ukienezwa na wachungaji, ukafungua matawi mikoani. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" na kusubiri "kuvuna". Serikali ilipousimamisha mchezo mwaka 2009, wapo wanachama waliochukia Serikali badala ya DECI, kwa sababu waliowaingiza walikuwa watumishi wa Mungu wanaowafahamu. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Hapakuwa na kripto wala programu ya simu. Vitabu vya risiti vilitosha.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 ikaja zamu ya LBL. Huko mtu alinunua daraja la uanachama, kisha akalipwa kwa kutazama vipande vya matangazo ya filamu kwenye simu. Polisi walikamata mawakala wake katika mikoa mbalimbali baada ya malipo kukwama. Kati ya mbegu za DECI na filamu za LBL kuna miaka zaidi ya kumi na tano na mageuzi makubwa ya mitandao, lakini injini ni ileile: mgeni anamlipa mwenyeji, na mwenyeji anasifia mpaka wageni wanapokwisha.

Kwa majirani zetu Waganda, injini hiyo ilivalishwa jina la sarafu. Kampuni iliyoitwa Dunamiscoins, iliyokuwa na ofisi Masaka na Kampala, ilifunga milango Desemba 2019 na kuwaacha maelfu wakilia. Kabla yake OneCoin ilikuwa imeshatambaa hadi vijijini Uganda. Hiyo ilianzishwa mwaka 2014 na mwanamke mzaliwa wa Bulgaria, Ruja Ignatova. Juni 2016 alipanda jukwaani kwenye ukumbi wa Wembley, London, akishangiliwa kama malkia. Oktoba 2017 akatoweka. Mwaka 2022 FBI ya Marekani ilimwingiza kwenye orodha yake ya watu kumi wanaosakwa zaidi, na mshirika wake Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 Septemba 2023. Fedha zilizokusanywa zinahesabiwa kuwa zaidi ya dola bilioni 4.

OneCoin inafaa kuchunguzwa kwa sababu inaonyesha tofauti ya sarafu na kivuli cha sarafu. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ina daftari la wazi: mtu yeyote popote duniani anaweza kulikagua, na kanuni yake inajulikana, kwamba hazitazidi milioni 21. OneCoin haikuwa na daftari la namna hiyo. Bei iliyoonekana kwenye skrini iliandikwa na kampuni yenyewe, ndiyo maana ilikuwa inapanda tu. Sarafu halisi hushuka, tena vibaya: bitcoin moja iliyofikia karibu dola 69,000 Novemba 2021 ilikuwa chini ya dola 16,000 mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo mtu akikuonyesha sarafu ambayo haijawahi kushuka tangu izaliwe, usiisifu. Mvuvi anayekwambia ziwa halijawahi kumnyima samaki, hajawahi kuvua.

Sisemi kila kripto ni wizi. Rais Samia Suluhu Hassan, akifungua jengo la Benki Kuu jijini Mwanza Juni 2021, aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa sarafu za aina hii. Tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijiti. Lakini nimewasikia wahamasishaji wakiyachukua hayo mawili na kuyafanya kibali: "Rais ameruhusu, Serikali inakata kodi, mnaogopa nini?" Benki Kuu ilishatoa tangazo Novemba 2019 kwamba fedha halali ya malipo nchini ni shilingi. Kodi kwenye biashara haimgeuzi kila anayejiita mfanyabiashara kuwa mwaminifu. Na hata anayenunua bitcoin halisi anajua hakuna wa kumlipa faida kila jioni. Bei ikianguka, ameanguka nayo.

Karatasi nazo zinapumbaza. Kwenye vikao vya wahamasishaji utaonyeshwa cheti cha BRELA na TIN ya TRA vikiwa kwenye fremu. BRELA inasajili jina na kampuni; haichunguzi kama faida unayoahidiwa ipo. TIN ni namba ya mlipakodi, hata mwenye genge la nyanya anayo. Kukusanya amana za wananchi kunataka leseni ya Benki Kuu, na kuwauzia wananchi uwekezaji kunataka idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Benki Kuu inaweka wazi orodha ya taasisi ilizozipa leseni. Mtu akikuonyesha cheti cha kuzaliwa cha kampuni, mwombe leseni ya kushika hela yako.

Halafu kuna hesabu, ambayo haihitaji mtandao. Musoma ndipo lilipopitishwa Azimio la Musoma mwaka 1974, TANU ilipoamua watoto wote wa nchi hii wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Watoto wa azimio hilo leo ni wazee wetu, na kuzidisha wanakujua. Basi tuzidishe. Programu nyingi zinaahidi asilimia mbili kwa siku. Ukiacha faida ijilimbikize, laki moja yako itakuwa zaidi ya milioni 137 baada ya mwaka mmoja. Serikali yenyewe, ikikopa kwa wananchi kwa hatifungani za muda mrefu, imekuwa ikilipa asilimia kumi na kitu, tena kwa mwaka. Mwenye mtambo wa kuzalisha asilimia mbili kila siku angekopa benki akalipa riba na kubaki tajiri. Asingekuwa na haja ya kumfuata mzee wa Butiama na mtamba wake.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, na sanduku letu lina kufuli tatu. Funguo wanazo wanawake watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Mama anayenunua dagaa Mwigobero akikopa laki mbili, anarejesha na riba kidogo, na kila rejesho linasomwa kwa sauti mbele ya wote. Riba hiyo ndiyo faida tunayogawana Desemba tukivunja kikoba. Ukiniuliza shilingi fulani ya faida imetoka wapi, nitakutajia aliyelipa na alikopa kwa ajili gani. Faida yetu ni ndogo, na mwaka ambao dagaa wamekuwa adimu inapungua zaidi. Nikimuuliza kiongozi wa timu ya fursa swali hilohilo, naambiwa "roboti", naambiwa "soko la dunia", mwisho naambiwa nina roho mbaya.

Yapo maswali machache ambayo kila mtu wa mkoa wetu wa Mara anaweza kuyauliza bila kujua kripto ni nini. La kwanza ndilo hilo: faida inalipwa na nani, kwa biashara gani? La pili: mbona mnataka nilete watu? Mwenye duka anafurahi ukimletea mteja, lakini mshahara wako ukipanda kwa idadi ya watu uliowaingiza na ukikwama usipoingiza, basi bidhaa inayouzwa ni hao watu. La tatu: hela ninaiweka kwa jina la nani? Soma jina kwenye ujumbe kabla hujabonyeza namba ya siri. La nne: nikitaka kutoa mtaji wangu wote kesho asubuhi, wote na si faida tu, nani ananizuia?

Swali la mwisho ndilo lenye majibu mabaya kuliko yote. Mwishoni mwa Oktoba 2021 ilianza kuuzwa sarafu iliyobeba jina la tamthilia maarufu ya Squid Game. Ilipanda hadi kupita dola 2,800, na walioinunua walipojaribu kuiuza wakakuta hawawezi. Kununua kuliruhusiwa, kuuza kumefungwa. Ndani ya dakika chache bei ikawa karibu na sifuri na waliotengeneza wameshaondoka. Aprili 2025 lilianguka jukwaa la CBEX, lililokuwa limewanasa Wanigeria wengi na kufika hadi Kenya. Watu walipokuta hawawezi kutoa, wakaambiwa walipe kwanza dola 100 au 200 za uhakiki ili akaunti zifunguliwe.

Hilo la ada ya kutolea naliona dirishani, na linaniuma kuliko yote, maana ni kuibiwa mara ya pili. Kijana anakuja amekopa kwa bodaboda mwenzake. Ananionyesha simu: salio lake kwenye programu linasomeka milioni nne, limeandikwa kwa kijani, na chini yake kuna ujumbe wa Kiswahili kibovu kidogo unaomtaka alipe asilimia kumi ya "kodi" ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo akaunti itafutwa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kama hela ni yako na ipo, si wakate humohumo?" Akanyamaza. Mwenye duka hakudai umlipe kwanza ndipo akurudishie chenji. Zile milioni nne hazikuwahi kuwepo. Palikuwa na tarakimu tu.

Aliyefika hapo asiongeze hata shilingi moja. Apige simu haraka huduma kwa wateja ya mtandao wake, maana muamala wa saa hii una nafuu kuliko wa wiki iliyopita. Asifute ujumbe wowote: namba, majina, kumbukumbu za miamala na mazungumzo ya kundi ndivyo polisi watakavyovitaka. Namba za matapeli zitumwe kwenda 15040. Na akija "mtaalamu" wa kurudisha hela zilizopotea, anayetaka malipo ya awali, ajue ni walewale wamebadilisha koti.

Sasa nirudi kwa shemeji, yaani yule ndugu tunayemwamini, maana bila yeye hakuna fursa inayovuka mto Mara. Mimi ninapendekeza jambo moja ambalo mila zetu tayari zinalifahamu. Huku kwetu ukimkopesha mtu ng'ombe au ukimuuzia kiwanja, mnaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi. Basi shemeji akileta fursa, mjibu kwa heshima zote: "Nimeshukuru, shemeji. Twende kwa mwenyekiti, tuandikishane kwamba nikikosa mtaji wangu utanirudishia wewe." Kama anaiamini kampuni yake kiasi cha kukutaka uuze mtamba, hatashindwa kusaini. Akisita, utakuwa umepata jibu bila kumwita mtu yeyote mwizi, na huenda yeye mwenyewe akaanza kujiuliza kwa mara ya kwanza. Hata waliosaini wasidhani karatasi inauhalalisha mchezo. Upatu ni kosa kisheria, na wahamasishaji wadogo nao wamejikuta mahabusu.

Viongozi wa dini wana kazi yao. Wanaombwa watoe dakika tano za matangazo baada ya ibada, nao wanatoa kwa nia njema. Wasitoe. Madhabahu yakishatangaza fursa, muumini haulizi tena, na DECI ilitufundisha gharama yake. Viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) kule Bunda nao wasikubali vikao vya fursa siku ya malipo ya pamba, kwa sababu wahamasishaji wanaijua tarehe hiyo kama wakulima wenyewe. Na sisi mawakala tuache kusema "mimi naweka tu". Kamisheni ya muamala mmoja haifikii thamani ya kumsomea mteja kwa sauti jina lililotokea kwenye simu na kumuuliza kama anamfahamu.

La mwisho ni kwetu sote: tuache kuwacheka waliolizwa. Mwalimu aliyepoteza kiinua mgongo chake anakaa kimya kwa sababu anajua tutamwita mjinga mwenye tamaa, na kimya chake kinawapa matapeli miezi mingine ya kufanya kazi mtaa wa pili. Kikoba chetu kimeamua kwamba aliyepigwa anapewa nafasi ya kueleza mwanzo wa kikao, kabla sanduku halijafunguliwa, na hakuna ruhusa ya kumkatiza. Waliozungumza ni wachache, lakini tangu waanze kuzungumza, fursa zinazoletwa kwenye kikao chetu zinaulizwa maswali mpaka mleta fursa anakumbuka ana safari.